Sura ya Sita: Aliyeonekana Amelala

"Mashine haidanganyi, Inspekta," alisema Egidius, fundi wa mitambo, na kwa alivyosema ungedhani ameizaa yeye.

Inspekta Siwema alikuwa amesimama katikati ya chumba cha wanaume wawili, Makao ya Wazee Utulivu, pale Kibaoni, Ifakara, akitazama vitanda. Kimoja kilikuwa cha Mzee Nikodemu, mpasua mbao wa zamani kutoka Mahenge. Kingine kilikuwa cha Mzee Kheri, aliyeendesha pantoni Kivukoni miaka mingi kabla ya daraja, na ambaye tangu jana wakati wa chai ya asubuhi hakuna aliyejua yuko wapi. Juu ya kimeza chake vilikaa vidonge vyake vya sukari, vya jana na vya leo, havijaguswa.

Vidonge hivyo ndivyo vilivyomkera Siwema kuliko kitu kingine chochote. Mzee wa sukari akimaliza siku ya pili bila dawa, hutafuti tena mtu, unatafuta mwili. Jana mitumbwi ilizunguka Kivukoni kutwa nzima, maana mji mzima uliapa kwamba mtu wa pantoni akipotea hutafutwa mtoni. Wavuvi walirudi na perege wao tu.

Na kituoni, nyuma ya mlango wa chuma, alikuwa amekaa Levina, mlezi wa zamu ya jana. Mpwa wa Mzee Kheri alikuwa amekwenda kulalamika kwamba mlezi alilala kazini, mjomba wake akatoka na kupotea. Mkuu wa kituo alikuwa amemwambia Siwema asubuhi hiyo bila kuzunguka mbuyu: "Kesho binti anakwenda mahakamani. Labda uniletee huyo mzee anatembea kwa miguu yake."

Siwema alimhoji Levina kabla ya kuja.

"Ulilala?"

"Sikulala, afande."

"Alfajiri ulipita vyumbani?"

"Sikupita. Bangili za kupima mapigo ya moyo zilipoletwa tulikatazwa kuwamulika wazee tochi, tuwaache walale. Tuangalie kishikwambi. Niliangalia. Babu Kheri alikuwa kitandani, moyo wake unapiga vizuri."

"Halafu?"

"Wakati wa chai kengele ikalia kwamba amevua bangili. Nilikuwa namnywesha bibi mmoja uji. Nilipofika chumbani nikaikuta chini ya mto wake. Mwenyewe hayupo."

Hakuongeza neno. Siwema alikuwa amekaa mbele ya waongo wa kila aina, na hajapata kuona mwongo anayejibu kiasi alichoulizwa na kunyamaza. Mwongo humwaga maneno.

Sasa alimgeukia Egidius. Fundi huyo alikuwa amekuja kutoka Dar es Salaam kwa ajili ya shauri hili, kijana nadhifu, kishikwambi mkononi.

"Nieleze kama unamweleza bibi yako."

"Kila mzee ana bangili ya mpira, kama saa. Inahisi ngozi, inahisi mapigo ya moyo. Akilala tunajua, akiamka tunajua. Akiivua, kengele inalia. Akivuka uzio nayo, inalia pia. Mlezi mmoja anaangalia wazee ishirini bila kunyanyuka kitini."

"Na Mzee Kheri alikuwa hapa mpaka wakati wa chai."

"Kitandani. Iko wazi. Ina maana alitoka baada ya chai, mchana kweupe, na mlezi hakumwona. Sasa hapo tuseme nini?"

"Tusiseme kwanza," Siwema alisema. "Donati, niletee hiyo bangili."

Konstebo Donati alitoa mfuko wa ushahidi. Siwema akaishika bangili kwa kitambaa, akaielekeza dirishani. Ilikuwa na mkanda wenye matundu, kama mkanda wa saa. Tundu la ndani kabisa lilikuwa limelegea kwa kutumika, na hilo alilitegemea. Kwenye picha iliyobandikwa ukutani, mkono wa Mzee Kheri ulikuwa mwembamba kama mpini wa mwiko. Lakini tundu la pili kutoka nchani nalo lilikuwa limelegea. Vilevile. Mpira umeanza hata kuchanika.

"Bangili hii ilishavaliwa na mtu mwingine?"

"Haiwezekani. Tulizileta mpya, kila moja na mtu wake."

"Basi Mzee Kheri ananenepa na kukonda kila siku," alisema Siwema. "Nionyeshe moyo wake wa jana, alfajiri mpaka chai."

Egidius akafungua ukurasa wa Mzee Kheri. Mstari wa kijani ulipanda na kushuka kama matuta ya viazi.

"Sasa nifungulie na wa Mzee Nikodemu. Usiufunge huo. Iweke pamoja."

"Kila mzee ana ukurasa wake, Inspekta, huwa hatuchanganyi..."

"Leo tutachanganya."

Alichukua muda kidogo kubonyeza huku na kule, kisha mistari miwili ikakaa, mmoja juu ya mwingine. Siwema aliinama. Egidius naye akainama, na ule unadhifu wake ukaanza kumtoka. Mahali moyo wa Kheri ulipopanda, wa Nikodemu ulipanda. Uliposhuka, wa mwenzake nao ulishuka. Katikati palikuwa na alama kwamba Mzee Nikodemu ameamka kwenda haja. Mzee Kheri naye aliamka dakika hiyohiyo, akarudi dakika hiyohiyo.

"Nimeona mapacha," alisema Siwema, "lakini hata mapacha hawaendi chooni kwa mguu mmoja. Rudi juzi. Rudi na siku ya kabla yake. Alfajiri tu."

Juzi ilikuwa vivyo hivyo. Na siku ya kabla yake. Usiku mioyo ya wazee wale ilikwenda kila mmoja na mwendo wake, ilipofika alfajiri ikawa moyo mmoja, na kabla ya chai ikaachana tena.

"Itakuwa mtandao umechanganya," Egidius alisema kwa sauti ndogo.

"Si umesema haidanganyi?"

Egidius alikuna shingo. Hapo adhana ya adhuhuri ikasikika kutoka msikiti wa jirani, na Siwema akasema anaomba dakika chache, kesi haitakimbia. Alikwenda kwenye bomba la uani, akakunja mikono ya shati, akavua saa yake. Ukingo wa bomba ulikuwa umelowa, mfuko wa sketi ulikuwa na funguo za gari. Akamnyoshea Donati bila kumtazama.

"Nishikie."

Alinawa viganja, akasukutua, akaosha uso. Alipokuwa anapitisha maji kwenye mkono wa kushoto alimtupia Donati jicho, na maji yakabaki yanatiririka bure. Donati, mtoto wa Kikatoliki aliyelelewa vizuri, hakutaka kuidondosha saa ya afande wake. Alikuwa ameivaa. Aliifunga juu ya yake mwenyewe, mkono uleule, saa mbili zimepangana.

"Nini, afande?" Donati aliuliza, ameanza kuogopa.

"Usiivue," Siwema alisema. "Wallahi usiivue. Niache niswali, halafu twende kwa Mzee Nikodemu."

Mzee Nikodemu alikuwa barazani, kwenye kiti cha mikono, rozari mapajani. Alikuwa amezeeka mwili wote isipokuwa mikono. Kifundo cha mkono wake kilikuwa kinene kama cha mtu ambaye bado anavuta msumeno.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Mmempata?"

"Bado. Nimekuja kwa habari ya Levina."

"Levina yuko kwao. Tumeambiwa kaenda kupumzika."

"Wamekuficha, babu. Yuko mahabusu. Jana kalala sakafuni, na kesho wanampeleka mahakamani, kwamba alilala zamu akamwacha Mzee Kheri atoke asimwone."

Rozari ilisimama.

"Angemwonaje?" alisema. "Angemwonaje, wakati tulimfumba macho sisi wenyewe?"

Akavuta mkono wa shati. Juu kidogo ya bangili yake, ngozi ilikuwa na alama ya pili, duara jekundu, pana sawasawa na lile la kwanza.

"Mwenzangu haswali na hiki kidude," alisema. "Maji lazima yafike kwenye ngozi. Siku ya kwanza akakivua, kengele ikapiga kelele, na yule mtoto akaja mbio hana hata viatu. Akajikwaa hapo mlangoni, kucha ikang'oka. Damu sakafuni. Kheri aliumia sana moyoni. Akaniambia, Nikodemu, tutamuua mtoto wa watu kwa mbio. Nishikie. Nikakivaa, kengele ikawa kimya; tangu hapo tunapokezana upesi, kabla haijawahi kulia. Tukaona tumempumzisha."

"Na ikiwa haipo mkononi mwake, hata uzio haulii."

"Ndiyo hivyo. Kwanza aliswalia hapa. Baadaye akaona kumbe anaweza kufika msikitini. Anakwenda, anarudi kabla ya chai, ananivua, anavaa." Alimeza mate. "Jana hakurudi. Chai ikaiva. Ningeenda mezani na bangili mbili kama bibi harusi? Nikaivua, nikaisokomeza chini ya mto wake."

"Kwa nini ulinyamaza, babu?"

"Niliogopa wakijua tumemdanganya watamfukuza kazi. Nikasema nikifunga mdomo, binti atapona." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Kumbe ndiyo nimemfunga."

"Mpaka sasa hujaua mtu," Siwema alimwambia. "Umenipa saa aliyotoka. Hiyo ndiyo niliyoikosa."

Alimwita Egidius, akafungua mfuko wa ushahidi, akampa mzee bangili ya mwenzake.

"Vaa, babu. Kama jana."

Mzee Nikodemu aliifunga kwenye tundu la pili kutoka nchani bila hata kutazama, kwa mazoea. Kishikwambi kikalia mlio mmoja mtulivu. Kwenye kioo jina la Mzee Kheri likageuka kijani: yupo, ametulia, moyo unapiga vizuri.

Egidius alitazama kioo, akamtazama mzee, akatazama kioo tena.

"Sasa unaweza kuivua, babu."

"Sivui," alisema Mzee Nikodemu. "Aliniambia nimshikie. Ataivua mwenyewe akirudi."

Donati alimtazama Inspekta. Kile kilikuwa kielelezo cha kesi. Siwema alipiga picha bangili mbili zilivyokaa kwenye mkono, kwa simu yake, akamwambia Donati aandike kwamba kielelezo kimehifadhiwa kwa shahidi.

Getini alikuwepo Anold, mlinzi, ameshika ufagio. Jana askari walimhoji mara mbili, na mara mbili alijibu kitu kilekile.

"Anold, jana baada ya chai nani alitoka?"

"Hakuna, afande. Nilishasema."

"Na kabla jua halijatoka?"

Anold aliutazama ufagio wake. "Kabla ya jua alitoka Mzee Kheri kwenda kuswali, kama kawaida yake."

Donati alivuta pumzi ili aseme neno. Siwema akamkanyaga kidogo.

"Akarudi?"

"Akarudi."

"Ulimwona?"

"Kumwona kwa macho sikumwona, nilikuwa nafagia upande wa jikoni. Lakini walisema mashine imemwona kitandani mpaka chai. Nikajua alipita nikiwa kule. Mimi ni nani nibishane na mashine, afande?"

Mtu mwingine angemfokea. Siwema alicheka kidogo tu, maana jibu lilikuwa limekaa getini siku mbili na ufagio mkononi, na hakuna aliyeliuliza. Tangu jana polisi walikuwa wameuliza mji mzima habari za mchana. Kila mtu alijibu ukweli, na kila ukweli ulikuwa wa saa isiyohusika.

Msikitini walimkuta muadhini, Mzee Mbaruku, anakunja mikeka. Baada ya salamu na kuulizana hali za nyumbani, maana Mzee Mbaruku na baba yake Siwema walikuwa na maduka yanayotazamana, Inspekta aliingia kwenye shauri lake.

"Jana vijana wako waliniuliza kama Kheri kaja adhuhuri au alasiri," mzee alisema. "Hakuja. Niliwajibu hivyo."

"Na alfajiri?"

"Alfajiri alikuwa safu ya mbele. Tulipotoa salamu nikatangaza msiba wa Mzee Sefu, fundi wa pantoni, amefia kwa mwanawe Chita. Unamkumbuka Sefu? Yeye na Kheri mto uliwalea pamoja. Waliwekeana ahadi zamani: atakayetangulia, mwenzake atamwosha. Gari la msibani lilikuwa hapo nje linaunguruma. Kheri hata hakuuliza nafasi. Akapanda na kanzu yake."

"Limerudi?"

"Bado. Nimepiga simu haziingii, nasikia umeme wa huko umekatika tangu jana, simu za watu zote zimeisha chaji. Ya mitumbwi nilisikia, sikudhani ni kwa ajili yake. Kwani kuna nini, mwanangu? Si yuko mazikoni?"

"Yuko mazikoni," alisema Siwema. "Tatizo tumemtafuta kila mahali isipokuwa alipo."

Ndani ya gari alimpigia mkuu wa kituo, akamweleza kwa ufupi, kisha akaomba Levina atolewe.

"Unataka kumpeleka mtuhumiwa Chita?"

"Nataka mlezi, afande. Ndiye anayejua dawa za yule mzee na namna ya kumpima. Mtuhumiwa sina."

"Mlete jioni na huyo mzee," mkuu wa kituo alisema. "Wote wawili. Ama sivyo nitakutafuta wewe."

Levina alipanda gari na nguo za jana, nywele zimejaa vumbi la sakafu. Siwema alimpa vidonge, kipimo cha sukari na kishikwambi. Njiani alimsimulia kila kitu. Binti alisikiliza akiwa ameangalia mashamba ya mpunga. Walikuwa wamepita Mbingu na kukaribia Mngeta ndipo aliposema.

"Ile kucha ilishaota."

Halafu akalia, kwa hasira na kwa kufunguka moyo, na Donati akaendesha kwa adabu bila kugeuza shingo.

Chita waliiona turubai kabla ya nyumba. Wanaume walikuwa kwenye mikeka, kahawa inapita. Mzee Kheri alikuwa ameegemea nguzo, kanzu imechafuka udongo wa kaburini, midomo imekauka, macho yamezama. Levina alifungua mlango gari halijasimama vizuri.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba." Mzee alikodoa macho. "Levina? Leo si zamu yako."

Levina alikuwa ameshamshika kidole, ameshamchoma. Alitazama kipimo, akatoa vidonge, akaomba maji.

"Imepanda," alimwambia Siwema. "Lakini tumemuwahi. Akinywa hivi, akapumzika kidogo, tunaweza kuondoka naye."

Siwema alishusha pumzi ambayo alikuwa ameishika tangu Ifakara. Akachuchumaa mbele ya mzee, akampa pole ya msiba, akamuuliza kama alifanikiwa kumwosha mwenzake.

"Nilimwosha kwa mikono yangu. Tulikuwa turudi jana ileile, gari likavunjika springi. Nikasema Nikodemu ataelewa."

"Nikodemu kaelewa. Wengine ndio walisema umepotea mtoni."

"Mimi nipotee mtoni?" Alionekana ametukanwa kweli.

"Na mimi wakaniweka mahabusu, babu," alisema Levina. Alisema bila ukali, anafunga kipimo kwenye kimfuko chake. "Wamesema nililala zamu. Nimelala sakafuni kwa ajili yako."

Mzee Kheri alimtazama. Aliona nguo, akaona nywele. Akamrudishia Levina kikombe cha maji. Hapo ndipo kishikwambi kilipotoa ule mlio wake mtulivu, na Levina, kwa mazoea ya kazi, akakitazama. Kisha akakigeuza kumwonyesha mzee.

"Soma mwenyewe, babu. Mzee Kheri, yuko kitandani, amelala, moyo unapiga vizuri."

Mtu mmoja nyuma akacheka, wengine wakafuata, kicheko cha msibani kinachotafuta pa kutokea. Mzee Kheri hakucheka.

"Bado ameivaa?" aliuliza.

"Amekataa kuivua," alisema Siwema. "Anasema ulimwambia akushikie."

Mzee alifuta macho kwa ncha ya kanzu. Kisha akaweka mkono kwenye bega la Levina na kuanza kunyanyuka. Donati aliruka kumbeba, akasukumwa kando.

"Niache. Nipelekeni kituoni kwanza, nyumbani baadaye. Huyo mkuu wenu anione kwa macho yake, asinione kwenye kioo. Nimwambie mtoto huyu hakulala. Tulimdanganya sisi wazee wawili, kwa kumwonea huruma, na jambo hilo nitalisema mwenyewe, nimesimama."

"Ungepumzika kidogo, babu," Levina alisema.

"Nitapumzika nikishasema."

Akaanza kwenda kuelekea gari, taratibu, ndala zikiburura vumbi. Levina alimshika kifundo cha mkono, pale pale bangili ilipopaswa kuwa, vidole viwili juu ya mshipa, akitembea kwa mwendo wake. Siwema alitangulia kufungua mlango wa mbele. Mkuu wa kituo alitaka mzee anayetembea kwa miguu yake, na ndiye huyo alikuwa anakuja.